Tindo Zilizorudi Motoni

4 Februari

Mpwa wangu Cheche,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi walau umekaa. Sisi huku tupo. Bibi yako hajambo. Anakula, anagomba, na kila Jumapili ananiuliza kama huko uliko watu wanaota jua au wanasoma tu habari zake. Nimemwambia wanasoma. Mguu wake umetulia. Paa la jikoni limeacha kuvuja baada ya mimi kushinda juu yake siku nzima na ndoo ya lami, na mgongo haujanisamehe mpaka leo. Usinipigie simu kuniuliza habari za mgongo. Masikio haya yamekaa kando ya fuawe miaka arobaini, kwenye simu nasikia nyuki tu. Andika.

Sasa la maana. Nimemfukuza Kimya.

Najua umeshtuka, kwa hiyo tulia nikueleze. Tangu mwaka jana tindo zangu zinarudi kutoka machimboni zimekatika ncha. Zangu mimi. Unajua waashi wa mawe walikuwa wakirithishana tindo zangu, baba anamwachia mwanawe. Sasa mtu anapiga mapigo hamsini, ncha inaruka kama kigae. Nikabadilisha maji ya kuzimia chuma, nikabadilisha makaa, nikaanza kuchukua ekseli za malori ninazofulia tindo kwa muuza vyuma mwingine kabisa. Wapi.

Halafu juma lililopita nikasahau kofia karakana. Kurudi jioni nikamkuta Kimya amepanga tindo sita pembeni mwa makaa, tindo nilizokwisha kuzimaliza kwa mkono wangu, anazitia moto tena. Nikamuuliza unafanya nini. Akaangalia chini. Nikamuuliza umeanza lini mchezo huu. Akasema, "Siku nyingi." Maneno mawili, na kwake hiyo ni hotuba.

Miaka kumi na tisa amenipigia nyundo. Ndiye aliyekuchongea kigoda ukae uangalie moto bila kuungua. Sikumpiga, sikumtukana. Nilimwambia avue aproni aitundike, akaitundika.

Msimamizi wa machimbo amenipa mpaka mwisho wa Mei nimweleze kinachokata tindo, la sivyo wataanza kununua za kiwandani na mimi nifunge. Nakutumia tindo tano kwenye kifurushi. Zenye uzi mweusi ni tatu zilizokatika. Zenye uzi wa buluu ni mbili nzima, nilizomnyang'anya Kimya motoni siku ile. Zipime huko kwenye maabara yenu, kisha uniandikie karatasi yenye mhuri iseme kwamba chuma kikishamalizwa kikarudishwa motoni kinaharibika. Nitampa msimamizi, na mafundi wengine nao waisome, wajue mtu wanayemchukua.

Wako,
Mjomba


27 Februari

Shikamoo mjomba,

Kifurushi kimefika, kona moja imelowa lakini chuma hakijali. Mimi sijambo. Kikohozi kimeisha. Chumba ni kile kile, na mwenye nyumba bado anapita mlangoni kwa miguu mizito kuhakikisha nimezima taa. Kazi ni ile ile pia: kukata, kung'arisha, kuangalia, kuandika. Mwezi huu nimeng'arisha vipande mia moja na kumi, mpaka ncha za vidole vyangu zimekuwa laini, simu haitambui tena kidole changu. Mwambie bibi jua lipo, sisi ndio hatupo.

Herufi zako zimekuwa kubwa, mjomba. Barua ya ukurasa mmoja umeijaza kurasa nne.

Habari ya Kimya imenikalia vibaya na sitajifanya haijanikalia. Sijui niseme nini juu yake kabla sijapima. Nakuomba kitu kimoja tu: usimwambie msimamizi neno lolote kuhusu Kimya mpaka nikujibu.

Uliwahi kuniuliza ninasomea nini, nikakujibu vyuma, ukasema basi hata wewe umesomea hivyo hivyo. Kwa kweli ninasomea kasoro. Ndani ya chuma zimo chembe ndogo ajabu zilizojipanga safu kwa safu. Mtu angedhani chuma bora ni kile ambacho safu zake zote zimenyooka, na wengi huniuliza hivyo. Chuma cha namna hiyo kingekuwa laini, mjomba. Safu zake zingeteleza moja juu ya nyingine kwa pigo dogo, nacho kingepinda. Wewe ukiipasha tindo mpaka ikawa nyekundu na kuizamisha ghafla, ile kaboni iliyomo inanaswa katikati ya safu kabla haijapata pa kwenda. Inazipindisha, inazibana, hakuna kinachoteleza. Ugumu wa tindo ni vurugu hiyo tu. Ila ikizidi mno, pigo likija hakuna cha kusogea hata kidogo, na lazima kitu kikatike. Ndiyo maana baada ya kuzamisha ncha unaing'arisha kwa jiwe na kungoja rangi zipande: lile joto linalotoka shingoni mwa tindo linairuhusu kaboni ijisogeze kidogo, vurugu ipungue kiasi, ndipo unaizamisha tena. Hayo uliyajua kabla sijazaliwa. Sisi tumeyapa majina marefu tu.

Maswali yangu ni mawili. Siku hizi unazamisha kwenye rangi gani? Na uzi mweusi uliisha? Tindo zote tano zimefika na uzi wa buluu. Nimezitambua kwa ncha, usihangaike.

Mpwa wako,
Cheche


19 Machi

Cheche,

Barua yako imefika, nimefurahi kwamba kikohozi kimeisha. Bibi yako anasema ni kwa sababu ya maombi yake, na mimi simpingi, nani apingane na mama yake akiwa na fimbo mkononi. Yeye mwenyewe ameanza kunisumbua niende naye hospitali. Mguu haumuumi. Nadhani anapenda kukaa foleni na watu wa kuongea nao.

Unaniuliza rangi. Nilikufundisha rangi kabla hujajua kusoma, leo unaniuliza rangi. Kwanza nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Ya mawe nazamisha ikifika kahawia inayoelekea zambarau. Nilizamisha hivyo mwaka ule ulipozaliwa wewe na nazamisha hivyo leo. Habari ya uzi, uzi ni uzi.

Karatasi iko wapi? Nilikuomba karatasi, umenitumia darasa. Darasa zuri, nimemsomea bibi yako akalala, lakini msimamizi hatanunua tindo kwa sababu ya safu kuteleza.

Na kuhusu Kimya umechelewa. Nilikwisha kumwambia msimamizi kabla barua yako haijafika. Alimwita, akamuuliza mbele yangu kama ni kweli alikuwa anarudisha tindo motoni bila ruhusa. Kimya akasema ni kweli. Akaulizwa kwa nini. Mtu asiyejitetea unamfanyaje? Nimesikia amekwenda karakana mbili za upande wa stesheni, zote zimemkataa.

Nafanya kazi peke yangu. Navuta mivukuto, nakimbilia koleo, nakimbilia nyundo. Jioni nikikaa, kusimama ni mjadala. Nyundo kubwa nimeiegemeza ukutani, siwezi kuipiga na kushika chuma wakati huo huo. Sitaki kukuambia mengine.

Mjomba


14 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima. Wasalimie nyumbani. Samahani kwa barua fupi, ni juma la kazi nyingi na kichwa kinauma.

Mashine ya kupimia imeharibika, tunangoja fundi. Vuta subira kidogo.

Kama inawezekana, usitoe tindo mpya kwa sasa. Pumzika hata majuma mawili, mgongo upone.

Cheche


2 Mei

Mpwa wangu,

Bibi yako hajambo.

Tarehe 28 mwashi yule mrefu tunayemwita Mnara alikuwa anapasua jiwe la msingi. Ncha ya tindo ikakatika, kipande kikaingia kiganja cha mkono wake wa kulia, kikapita ndani. Daktari amekitoa. Kimekata mishipa inayovuta vidole. Vidole viwili havikunjiki, na wanasema havitakunjika.

Tindo ile niliitoa mimi tarehe 20. Kimya hakuwepo. Hakuwa hata mtaa huu. Ni mimi, maji, na moto.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Labda chuma kilikuwa kibaya. Ekseli siku hizi si za zamani, wanachanganya. Inawezekana kabisa ni chuma.

Barua yako ya kuniambia nipumzike imefika leo asubuhi. Nimeisoma mlangoni nimesimama. Mashine yenu imepona?

Mjomba


11 Mei

Shikamoo mjomba,

Naandika hii nikiwa nimeketi kazini wakati wenzangu wamekwenda kula, na sitasalimia kwa urefu, kwa sababu nikianza salamu nitajificha humo tena.

Mashine haikuharibika. Majibu niliyapata tarehe 12 Aprili. Nilikaa nayo siku mbili nikakuandikia uongo, kisha nikaendelea kukaa nayo. Mnara aliumia tarehe 28. Siku kumi na sita. Najua barua isingekuwahi, lakini ningeweza kumpigia jirani yako wa duka la baiskeli akupelekee neno moja, nawe ungezima moto siku ile ile. Sikupiga kwa sababu sikutaka kuwa mimi wa kukuambia. Mkono wa Mnara nimo na mimi ndani yake.

Chuma ni kizima. Tindo zote tano ni chuma kizuri, kilekile. Tunazibonyeza kwa ncha ya almasi na kupima kishimo kinachobaki. Tatu zilizokatika ni ngumu kama kioo. Hazikupata joto la kutosha baada ya kuzamishwa mara ya kwanza. Nimeziangalia kwa hadubini, ndani ni vijiti vilivyorundikana kila upande, vimekazana, hakuna hata kimoja kilicholegea. Mbili ulizomnyang'anya Kimya ziko sawa. Vile vijiti vimelainika, kaboni imejikusanya vitone vitone kama inavyotakiwa.

Nilitaka kipimo kingine kabla sijasema. Unakumbuka tindo ndogo uliyonipa nilipoondoka, miaka kumi na moja iliyopita. Niliikata ncha yake nikaipima. Nisamehe. Namba zake na za hizi mbili za Kimya zimekaribiana mpaka nikadhani nimeandika mstari mmoja mara mbili.

Mjomba, Kimya hakuwa anaharibu kazi yako. Alikuwa anaimalizia. Nadhani aliona kwamba unazamisha mapema, naye akawa anangoja uondoke, anazirudishia joto mpaka rangi ile uliyomfundisha wewe mwenyewe. Zilizokatika mwaka jana ni zile zilizompita. Alipoondoka, zikaanza kutoka zote kama zilivyo.

Sasa lile ambalo wewe hutaki kuliandika. Herufi zako zimekuwa kubwa. Uzi wako wa buluu unauona mweusi. Jicho la mtu mzima huota ukungu wa manjano ndani yake, mtoto wa jicho, na unakuja taratibu mno, mwenyewe hajui. Ncha iliyong'arishwa ni nyeupe bado, lakini kwako imekwisha kuwa nyasi kavu. Ikifika nyasi kavu, wewe unaona kahawia. Unazamisha. Huko kwenye buluu unaona giza tu. Mkono wako haujakosea hata siku moja, unafuata kile jicho linachouambia. Bibi hataki hospitali kwa ajili ya mguu wake. Anataka uende wewe.

Karatasi uliyoomba imo humu, ina mhuri. Imeandikwa yale niliyoyapima na si neno zaidi. Kwamba tindo zilizorudishwa motoni ndizo salama. Unaweza kuichoma, una moto wa kutosha. Lakini Kimya amekataliwa karakana mbili kwa sababu ya kuziokoa tindo zako, na mimi nikinyamaza tena nitakuwa nimemkatalia ya tatu.

Nimechoka, mjomba. Nakupenda na nimechoka.

Cheche


20 Julai

Shikamoo mjomba,

Majuma kumi. Kama umenikasirikia, andika hasira. Jirani wa baiskeli anasema karakana imefungwa na bibi anaonekana barazani, hilo tu ndilo ninalojua. Hata ukurasa mtupu utume, nione anwani kwa mwandiko wako.

Cheche


9 Agosti

Mpwa wangu Cheche,

Naandika kwa kalamu nene ile ya kuandikia maboksi, kwa hiyo usilalamike karatasi ni nyingi. Bibi yako hajambo. Anasema nikuambie tindo ile uliyoikata ulikata mali ya watu.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro la bibi yako, mahali ambapo hata mwizi hafiki. Nilikukasirikia mwezi mzima. Nilikuwa naamka nakasirika, nakunywa chai nakasirika. Nikasema mtoto amekwenda kusoma ili arudi kunipima mimi. Kisha hasira ikanichosha kama kazi nyingine yoyote.

Siku moja nikampa bibi yako vitufe viwili vya uzi, cheusi na cha buluu, nikamwambia avifiche nyuma ya mgongo, atoe kimoja kimoja, nimwambie rangi. Mara kumi. Nilipata nne. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu nilipokwenda mazishini na soksi moja nyeusi na nyingine buluu, na watu wote wakaninyamazia kwa heshima ya marehemu.

Hospitali nimekwenda. Jicho la kushoto watalipasua, foleni ni mpaka mwakani. La kulia daktari amelimulika muda mrefu kisha akauliza kazi yangu. Nilipomwambia akasema aha, akaandika. Moto umelila kwa nyuma, huko ukungu hauhusiki. Hilo basi.

Machimboni nilikwenda wakati wa mapumziko ya mchana, wote wakiwa wamekaa kivulini mwa banda. Muda wa mwisho wa Mei ulikuwa umeshapita zamani. Karatasi yenye mhuri nikampa msimamizi kwa mkono wangu, nikamwomba aisome kwa sauti. Alipomaliza nikasimama nikasema kwa lugha ya kawaida: tindo zilizokatika ni zangu, zilizowatunza ni za Kimya, nami nilimfukuza kwa hilo na kumchafulia jina mbele ya mtu huyu. Macho yangu yamekwisha na nilikuwa sitaki kujua. Mnara alikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaokota kofia yake kwa mkono wa kushoto, akaondoka. Hajaniambia kitu mpaka leo, na nikipita kwao mlango unafungwa. Naendelea kupita.

Habari ya siku zako kumi na sita. Sitakuambia hazina uzito, utajua nakudanganya, na uongo katika familia hii hatuuwezi. Barua yako ile ya mashine hata bibi yako aliicheka. Wewe una siku kumi na sita, mimi nina mwaka mzima na zaidi. Kaa nazo. Lakini usikae nazo peke yako tena, niandikie.

Kimya nilimkuta kwenye bohari ya saruji, anabeba mifuko. Amekuwa mweupe kwa vumbi, kope mpaka shingo. Nilimwambia yote mbele ya wabebaji wenzake, maana nilimchafulia jina mbele ya watu. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia tu, mtu wangu, miaka yote hii? Akatua mfuko uliokuwa begani. Akasema, "Ungeacha kazi. Na mimi ningekwenda wapi?" Kisha akabeba mfuko mwingine. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya tano nilimkuta karakana asubuhi, amekwisha kufagia, anatafuta aproni yake.

Msimamizi ametupa mpaka Desemba. Sharti lake ni kwamba rangi iangaliwe na Kimya, na mimi nishike koleo. Nimekubali. Ningefanya nini.

Jumatatu tumewasha moto. Nikapasha ya kwanza, nikazamisha ncha, nikaing'arisha kwa jiwe, tukainama wote wawili. Mimi naona kahawia kabisa, naapa naona kahawia, mkono unataka kushuka. Yeye bado anaiangalia. Nangoja. Kwangu ikawa nyeusi, ikawa giza tupu, na ndipo aliposema, "Sasa." Nikasita. Kwangu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kwa kusita kule ikapita kweli. Akaichukua akairudisha motoni, hakununa.

Ya pili nikafumba macho. Aliposema sasa, nikazamisha.

Mjomba wako